Mfuko ulipata, mimi nikauza kwa hasara

Nilikuwa uani kwangu Chake Chake, nageuza karafuu juani, shemeji aliponipigia simu. "Shemeji, mfuko wa pensheni umejaa kwenye hisa za kampuni ile. Wale wana wataalamu. Tuwafuate." Nikamwamini. Fedha yote ya karafuu za msimu ule nikampelekea dalali wa hisa Dar es Salaam.

Mwaka wa pili binti yangu akapata chuo. Ada haingoji. Nikamwambia dalali auze. Wiki nzima hakutokea mtu kwa bei yangu. Ya pili zikatoka hisa mia mbili tu. Ya tatu nikashusha bei, zikaondoka zote, na nilichopokea kilikuwa pungufu ya nilichoweka. Nililia, wallahi.

Kinachoniuma ni kwamba mfuko haukukosea. Baadaye bei ilipanda, na wao bado wamo.

Mfuko wa pensheni hupokea michango kila mwezi, na mwanachama kijana atakuja kudai chake baada ya miaka thelathini. Una hatifungani, yaani fedha ulizokopesha serikali au kampuni kwa riba, una majengo, una hisa za kampuni nyingi. Kampuni moja ikilala miaka mitano, wastaafu bado wanalipwa. Mimi nilikuwa na kapu moja, na ada mlangoni.

Halafu ile habari yenyewe ilikuwa imepoa. Orodha ya wanahisa kumi wakubwa kwenye ripoti ya mwaka huonesha hali ya siku ya kufunga mwaka wa hesabu, mara nyingi 31 Desemba, nasi huisoma miezi kadhaa mbele. Hata Marekani, mameneja wakubwa wa fedha wana siku 45 baada ya robo mwaka kwisha kutangaza walichonacho. Bei waliyonunulia wao huenda haipo tena.

Na kuna jambo la imani. Kampuni ya bia imo kwenye soko la Dar es Salaam tangu 1998. Mfuko ukinunua humo, mimi Muislamu siwafuati, hata faida iwe vipi.

Siwapuuzi. Jina la mfuko likitokea, naifungua ripoti ya kampuni nisome faida, madeni na gawio, ile faida wanayogawiwa wanahisa, la miaka mitano. Ila fedha ya ada haiingii tena kwenye hisa.

Juzi shemeji kapiga tena, kampuni nyengine. Nikamuuliza, "Kwa siku zinauzwa hisa ngapi?" Akanyamaza, kisha akasema atanitafutia. Bado namngoja.