Saa Tatu na Dakika Arobaini

Wiki hii dada amejifungua salama mtoto wa kike na mkuu wetu amepata uhamisho wa kwenda Dodoma, lakini kila ninapoketi kuandika juu ya hayo inarudi sauti ya Mzee wa getini, mlinzi wetu, yule wa maparachichi ya Tukuyu.

Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado haujauachia mlima Loleza, nilimfuata nikiwa na karatasi niliyoichapa kutoka kwenye prosesa ya usimamizi ya seva yetu. Hiyo ni kompyuta ndogo iliyomo ndani ya seva, yenye poti yake ya mtandao na saa yake yenyewe, nayo hubaki macho hata seva ikizimwa, mradi umeme unaifikia. Ilikuwa imeandika kwamba usiku wa Jumapili waya mmoja ulikosa umeme 21:40 na kuupata tena 22:35, huku waya wa pili ukishikiliwa na UPS, yaani betri ya akiba. Nikasoma saa tatu na dakika arobaini usiku, zamu ya Mzee, ambayo huisha saa sita, nikahesabu dakika hamsini na tano ambazo jenereta halikuwashwa.

Shikamoo nilimpa, heshima sikumpa.

“Mwanangu, saa hiyo nilikuwa hapa nachemsha chai kwa jiko la umeme. Umeme ulikuwepo.”

“Mzee, mashine haidanganyi.”

“Haidanganyi, sawa. Lakini yenyewe saa inamwuliza nani?”

Nilicheka. Jioni ile alipewa barua ya onyo.

Jumatano ndipo nilipofungua ukurasa wa mipangilio ya saa, ambao nakiri sikuwahi kuufungua tangu seva ilipofungwa, kwa kuwa saa ya seva yenyewe ilikuwa sahihi na nilidhani saa ni moja. Nafasi mbili za seva za muda, zile zinazoipa mashine saa sahihi, zilikuwa tupu, na majira yalikuwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Basi 21:40 ilikuwa 00:40 kwetu, saa sita na dakika arobaini usiku, wakati Mzee amekwishaondoka na kumwachia kijana wa zamu ya pili. Mashine haikumwuliza mtu yeyote, nami vilevile.

Nilijaza nafasi ya kwanza kwa anwani ya seva ya muda ya hapa ofisini, kwa sababu mtandao wa usimamizi hatuutoi nje kwenye intaneti, nikaruhusu poti 123 ya UDP, ambayo maombi ya saa hupitia, nikachagua Africa/Dar_es_Salaam. Baada ya hapo nikahamia SNMP, itifaki ambayo vifaa hutumia kutoa taarifa za hali zao na kutuma arifa, na hapo, sitaficha, kazi ilinichangamsha. Nilizima matoleo ya 1 na 2c, ambayo hupitisha neno la kuingilia waziwazi (letu lilikuwa bado “public”, aibu nyingine), nikawasha la 3 lenye mtumiaji, uthibitisho na usimbaji, nikaelekeza arifa kwenye kompyuta ya ufuatiliaji kupitia poti 162. Arifa ya majaribio ya kwanza haikufika, maana ukuta wa moto (firewall) ulikuwa umeizuia. Ya pili ilifika, ikagongwa muhuri wa saa ya kompyuta iliyoipokea. Kama arifa hizo zingekuwepo usiku ule, saa za mashine hizo mbili zingepingana mbele ya macho yangu kabla sijamfuata mtu yeyote getini.

Kwenye kumbukumbu, mstari wa 21:40 umebaki vilevile.

Alhamisi nilikwenda getini. Alipoitikia marahaba aliuliza, “Umeshaiuliza?” Nikamjibu kwamba ilikuwa saa sita na dakika arobaini na kwamba yeye alikuwa amekwishaondoka. Akasema, “Ndaga,” yaani asante kwa Kinyakyusa, akanimiminia chai. Neno la kuomba radhi nilikuwa nimelipanga tangu Mwanjelwa, ndani ya daladala, nalo likabaki kooni pamoja na chai ya moto. Maelezo ya kuifuta ile barua nimeyapeleka kwa maandishi, ila mkuu anafungasha, na mpya hajaripoti.

Mama amepiga simu sasa hivi kutoka Uyole: ng’ombe wake amekataa majani tangu jana, na bwana mifugo hapokei simu.