Mpiga Mzinga Ambaye Hakufika Burma

Kwa zaidi ya miaka sabini, nyumbani kwetu Kitui ilisemwa kwamba kaka yake babu alichukuliwa na Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles, katika Vita vya Pili vya Dunia, akafia Burma, yaani Myanmar ya leo. Hapakuwa na barua wala picha, na babu mwenyewe hakupenda kuulizwa.

Kwa kuwa habari ilikuwa ya Burma, nilianza kutafuta huko. Katika makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, upo mnara wenye majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo wa Afrika Mashariki, na majina hayo yanapatikana katika tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Nilitumia majioni mengi nikijaribu kila namna ambayo karani asiyejua Kikamba angeweza kuliandika jina letu, kwani askari wa wakati ule mara nyingi aliandikishwa kwa jina moja tu, jinsi lilivyosikika masikioni mwa mwandishi. Sikupata kitu.

Kilichonisaidia ni neno la bibi. Alizoea kusema kwamba shemeji yake alikuwa "mtu wa mizinga", nasi watoto wa Ukambani, ambako mizinga ya nyuki hutundikwa mitini, tukaamini kwa miaka mingi kwamba alikuwa mrina asali. Nilipolifikiria tena nikiwa mtu mzima ndipo nilipotambua kwamba alikuwa mpiga mizinga, hivyo nisimtafute miongoni mwa askari wa bunduki wa Keya, bali katika kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Niliacha kutafuta kwa jina, nikatafuta kwa kikosi, na mara nikaona tarehe moja ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa: 12 Februari 1944. Wapiga mizinga wengi namna hiyo hawafi kwa siku moja nchi kavu pasipo pigano kubwa, na wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa bado Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ikijiandaa kwenda Burma.

Walikuwa baharini. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwanzoni mwa mwezi ule, katika msafara wa meli za askari uliokuwa ukielekea Colombo, ikiwa na watu 1,511, na kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga. Alasiri ya tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikadondosha mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, huku watu hao wakiwa bado majini. Wapo wanaotetea uamuzi huo kwa kuwa meli nyingine za msafara zilikuwa hatarini, na huenda wana haki. Mimi nimeshindwa kuusoma ukurasa huo kwa utulivu. Waliookolewa ni 214, na nyambizi nayo ilizamishwa siku hiyohiyo.

Kwa kuwa walizama, majina yao hayakuandikwa Taukkyan. Yapo Nairobi, katika Mnara wa Afrika Mashariki kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, mahali ambapo nimepita kwa matatu mara nyingi pasipo kugeuza kichwa. Nilikwenda asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa na namba yake ya jeshi kwenye karatasi, na baada ya kupitia majina ya safu nzima nikamwona: jina moja, likiwa limepungukiwa na herufi moja.

Jioni nilimpigia simu shangazi, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa. Alisikiliza habari ya meli hadi mwisho, kisha akauliza kama kaka yake baba yake alijua kuogelea. Nilimwambia kwamba kwa muda ule mfupi, kujua kuogelea kusingewafaa wengi. Akanyamaza, halafu akaniagiza niwaandikie wenye mnara waiongeze ile herufi. Nimekwisha kuwaandikia, nikaambatanisha hati ya kiapo ya familia inayoonyesha jinsi jina linavyoandikwa kwetu, na ninasubiri jibu.