Taya za plasta mezani kwangu

Wateja wangu siwaoni. Nawapata wakiwa plasta: taya mbili ndani ya boksi, zimefungwa kwa mpira, na karatasi ya daktari inayosema jino gani halipo na litakalowekwa liwe la rangi gani. Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Arusha. Natengeneza meno ya kuvaa na kuvua, kofia za kufunika jino lililobaki, na madaraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya pande zote mbili za pengo, na ukishazoea kushika taya za watu unajua hata nani anatafunia upande mmoja tu.

Linalonisikitisha zaidi ni gego la chini lililong'olewa zamani. Mwenyewe alifurahi, maumivu yakaisha, na pengo halionekani hata akicheka. Lakini jino la nyuma likaanza kulilalia pengo, na gego la juu, kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, likashuka. Kazi inapoletwa kwangu miaka mingi baadaye, pa kuweka jino hapapo. Naandika "nafasi haitoshi" na boksi linarudi lilikotoka.

Ndiyo maana jamaa wa mtaani akiniuliza kama ang'oe jino, nami huuliza: haliwezi kuzibwa? Tundu dogo huzibwa kwa dawa yenye rangi ya jino, inayogandishwa kwa mwanga wa buluu, na mara nyingi unaondoka siku hiyo hiyo umemaliza. Uozo ukifika kwenye neva, bado kuna kutibu mzizi. Daktari anasafisha mifereji ya ndani, ambayo kwenye magego mengi ya chini ni mitatu, kisha anaijaza gataperka, kitu kinachotokana na utomvu wa miti ya Asia ya kusini mashariki. Utomvu huo ndio uliofunikia nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari, pamoja na ule waya uliofika Zanzibar mwaka 1879. Mimi huliona jambo la ajabu sana, ingawa sijapata mwenye jino linalouma aliyekubaliana nami.

Gego lililotibiwa mzizi kwa kawaida linahitaji kofia, maana limebaki kuta tu, na kipande kimoja cha mfupa kinaweza kulipasua. Hapo ndipo watu wanapotoroka. Maumivu yameisha, pesa zimepungua, kofia inangoja mwisho wa mwezi usiofika.

Daraja halivuliwi, na hilo watu hulipenda. Ila ili lishike, meno mawili ya jirani lazima yachongwe. Kama tayari yamezibwa sehemu kubwa, sawa. Kama ni mazima, mimi nisingeyagusa, kwani gamba la jino likichongwa halioti tena. Ningevaa la kuvua, la akriliki, yaani plastiki ngumu, na maisha yaendelee. Implanti haimsumbui jirani: ni skrubu ya titani inayozikwa ndani ya mfupa. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliona mfupa wa sungura umeing'ang'ania titani hadi haitoki, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Lakini inataka mfupa wa kutosha, mwenye kisukari awe ameudhibiti ugonjwa wake, miezi kadhaa ya kungoja, na mfuko mzito.

Sasa rangi. Kadi yetu ya kulinganishia rangi ya meno ina vipande 16, kuanzia A1 hadi D4, na hakuna hata kimoja chenye rangi ya Meru. Maji ya huku yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo kuuzunguka mlima vinavyopita hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya taya, yanaota na kahawia yake.

Juzi niliagizwa jino moja la mbele, A2. Nikaomba picha ya mdomo kwanza. Mzee wa watu, meno yote yana michirizi, halafu katikati nimchomekee jeupe! Nikachukua la A4, lililokolea zaidi, nikalichora mifereji midogo, nikapaka kahawia kwa brashi nyembamba, nzito katikati na hafifu karibu na fizi, nikaweka doa jeupe la rangi ya chokaa pembeni kama la jirani yake, kisha nikafunika kwa akriliki angavu. Mzee alilipenda. Aliyelalamika ni mwanawe, aliyetaka baba apate jino la kisasa.

Ukitengenezewa meno ya kuvaa, kuna siku daktari atakujaribisha yakiwa bado yamepangwa kwenye nta. Usiiharakishe siku hiyo. Nenda na mtu anayekujua, sogea dirishani, jitazame kwa mwanga wa jua, hesabu kwa sauti kutoka sitini hadi sabini. Ukisikia mluzi kwenye "s", au meno yakigongana unapoongea, sema hapo hapo. Kwenye nta nasogeza jino kwa kisu cha moto, dakika mbili. Akriliki ikishapikwa, naanza upya na wewe unarudi nyumbani bila meno.