Ninavyoandika maelezo ya chati ya kipato cha kaya kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS

Chati ya kipato cha kaya ina mtego ambao chati ya mvua haina: kitu kilekile kinaweza kuonekana kimepanda au kimeshuka, kutegemea kimepimwa vipi. Kipato cha kaya maskini kinaweza kuongezeka kwa dola huku fungu lao katika kipato chote cha nchi likipungua. Anayekurupuka kuandika huchanganya mambo hayo mawili ndani ya sentensi moja, na msahihishaji hulibaini hilo mara moja.

Katika IELTS Academic, mtihani wa kuandika ni wa dakika 60 na una maswali mawili. Chati ni swali la kwanza: maneno yasiyopungua 150, na dakika 20 zinazopendekezwa. Swali la pili lina uzito mara mbili, kwa hiyo kila dakika inayoibwa huko kwa ajili ya chati ni hasara. Nazigawa dakika 20 hivi: nne za kusoma, kumi na tatu za kuandika, tatu za kukagua. Nalenga maneno 170 hadi 190. Kuzidi hapo mara nyingi ni dalili kwamba nimeanza kuorodhesha badala ya kuchagua.

Zile dakika nne ndizo zinazoamua kila kitu. Nasoma kichwa cha chati, kisha mhimili wa wima, na najiuliza: ni kiasi cha fedha, idadi ya kaya, au asilimia ya kaya? Kama mhimili umeandikwa kwa maelfu, 15 ni dola 15,000, si dola 15. Ni wastani au mediani? Mediani ni kipato cha kaya iliyo katikati baada ya zote kupangwa kutoka maskini hadi tajiri, na matajiri wachache hawaivuti juu kama wanavyouvuta wastani. Chati ikisema "median", siandiki "average". Ikisema kipato ni baada ya kodi, au kwamba mfumuko wa bei umeshaondolewa, nalichukua neno hilo kama lilivyo.

Uangalifu huohuo unahitajika ninapoyaandika upya maelezo ya swali kwa maneno yangu. "Household" sibadilishi kuwa "family", kwa sababu mtu anayeishi peke yake ni kaya lakini si familia. "Income" sibadilishi kuwa "salary", kwa kuwa kipato kinaweza kubeba pia pensheni, kodi ya nyumba iliyopangishwa na ruzuku. Ninachobadilisha ni muundo wa sentensi: "The chart shows" inakuwa "The chart compares", na orodha ya miaka inakuwa "between 1990 and 2010".

Tuchukue mfano wa kubuni. Wastani wa kipato cha kaya kwa mwaka, kwa maelfu ya dola, mwaka 1990, 2000 na 2010. Kundi la chini: 12, 11, 15. La kati: 30, 36, 39. La juu: 80, 98, 120.

Kabla ya kuandika nafanya hesabu fupi pembeni. Kundi la chini limeongezeka kwa asilimia 25, la kati 30, la juu 50. Pengo kati ya juu na chini lilikuwa 68, sasa ni 105. Mwaka 1990 kaya za juu zilipata karibu mara saba ya kaya za chini. Mwaka 2010 ni mara nane kamili. Na kuna jambo moja linalokwenda kinyume: kundi la chini lilishuka kidogo mwaka 2000. Nikishayapata hayo, nina kila kinachohitajika. Namba tisa zote hazina haja ya kuingia.

Muhtasari nauandika mara baada ya utangulizi, bila takwimu hata moja: "Overall, average income rose in all three groups, but the gains were by far the largest at the top, so the gap between rich and poor households widened." Kwa vigezo vya usahihishaji, daraja la 7 linadai muhtasari ulio wazi wa mielekeo mikuu. Kurundika tarakimu bila muhtasari ni sifa ya daraja la 5, hata kama sarufi ni safi.

Aya mbili zinazofuata nazipanga kwa tabia ya data, si kwa mwaka. Kundi la juu na la kati yako pamoja kwa kuwa yote mawili yalipanda mfululizo. Kundi la chini lina aya yake, kwa sababu lilishuka ndipo likapanda, na hapo ndipo naweka ulinganisho wa mara saba na mara nane. Ukipanga kwa miaka, msomaji analazimika kukumbuka namba tatu kila mara ili aone mwelekeo.

Sarufi huharibika zaidi kwenye kiima. "The poorest group increased to $15,000" si sahihi: kilichoongezeka ni kipato, si kundi. Sema "the income of the poorest group increased". Kisha vihusishi: "rose to $120,000" ni mahali ilipofika, "rose by $40,000" ni kiasi kilichoongezeka. Kubadilisha kimoja kwa kingine ni kubadilisha data yenyewe, na hilo linakatwa alama kwenye maudhui, si kwenye sarufi tu. Miaka iliyopita inataka wakati uliopita. Makadirio ya miaka ijayo yanataka "is projected to".

Chati ikiwa ya asilimia, mtego mwingine unangoja. Kaya zenye kipato cha chini zikitoka asilimia 20 hadi 25, hilo ni ongezeko la pointi tano za asilimia. Ukiandika "rose by 5%" umesema uongo bila kukusudia, maana ongezeko lenyewe ni robo ya kiwango cha awali. Njia salama ni "rose from 20% to 25%". Vilevile, asilimia ikishuka usiseme idadi ya kaya imepungua. Huenda jumla ya kaya zote imekua.

Sababu siziandiki kabisa. Mdororo wa uchumi, ukosefu wa ajira, sera za serikali: kama havimo kwenye chati, havimo kwenye jibu. Maoni yana nafasi yake katika swali la pili. Hitimisho nalo siliandiki, maana muhtasari umeshafanya kazi hiyo.

Katika dakika tatu za mwisho narudi kwenye chati, si kwenye sentensi. Nagusa kila namba niliyoandika na kuilinganisha na nguzo yake, naangalia kama kuna sifuri au alama ya dola iliyosahaulika, na pale nguzo inapoishia kati ya mistari miwili nahakikisha nimeweka "roughly" au "just under". Zikibaki sekunde, ndipo natazama "s" za wingi.