Ekseli ya mbele iliyokataa kuachia

Masika iliyopita nilipanda vijiji vya juu ya Mlalo kuchukua kabichi na karoti kwa pikapu yangu ya dizeli, na kwa kuwa njia ya udongo ilikuwa imelowa siku kadhaa, niliingiza fowili, yaani magurudumu yote manne yakivuta, tangu nilipoiacha lami hadi niliporudi. Nilipofika Lushoto mjini niliurudisha mkono wa transfa, sanduku la gia linalogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwenye 2H (magurudumu ya nyuma pekee) kama kawaida. Hata hivyo, taa ya magurudumu ya mbele kwenye dashibodi iliendelea kupepesa, na kila mwendo ulipozidi kilomita 60 kwa saa nilisikia mvumo mwembamba chini ya miguu ambao asubuhi haukuwapo. Mteremko wa kwenda Mombo kupitia Soni umejaa kona kali, na kona hizo ndizo zilizonipa jibu la kwanza, ingawa nililitambua baadaye.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha gari alisema transfa imekwama na lazima ishushwe siku hiyohiyo. Nilimwomba asubiri, kwa sababu maelezo yake hayakulingana na jinsi usukani ulivyokuwa mwepesi njia nzima.

Difu ni gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, na gari la aina hii halina difu ya katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiingiza fowili, propela shafti (fimbo ya kupeleka mzunguko kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja na kulazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye kona, magurudumu ya mbele huchora duara kubwa kuliko ya nyuma. Kama umbali kati ya ekseli mbili ni mita 3 na ekseli ya nyuma inazunguka kwa nusukipenyo cha mita 6, ekseli ya mbele itazunguka kwa nusukipenyo cha mita 6.7, hivyo katika robo ya mzunguko nyuma itasafiri mita 9.4 na mbele mita 10.5. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 1 kwenye tope humalizwa na tairi kuteleza, lakini kwenye lami kavu haina pa kwenda, nayo hugeuka kuwa msokoto ndani ya shafti: usukani unakuwa mzito, gari linajizuia kama limekanyagiwa breki, na tairi zinakwaruza. Mimi niliteremka kona zote za Soni bila dalili hata moja kati ya hizo, kwa hiyo transfa ilikuwa imeshaachia. Kilichobaki kimeshikana ni kiungo kilicho kwenye ekseli yenyewe, kinachounganisha gurudumu na difu ya mbele, ambacho katika gari langu huingizwa na kutolewa kwa mvuto wa hewa.

Ambaye usukani wake unapigana naye kwenye lami ana tatizo la upande mwingine, na mara nyingi hakuna kilichovunjika. Meno yamebanwa na msokoto tu. Anyooshe usukani, arudi nyuma mita chache, kisha aujaribu tena mkono.

Nyumbani nililiegesha gari mahali tambarare, nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikainua mbele kwa jeki na kulilaza juu ya stendi mbili za chuma. Mawe hayo si ya hiari, kwa maana kama kuna msokoto uliobaki, gari linaweza kuruka ghafla gurudumu linapoachana na ardhi. Injini ikiwa imezimwa na mkono ukiwa kwenye 2H, niliishika propela shafti ya mbele nikaizungusha, nayo ikazunguka. Kama transfa ingekuwa imeshikilia, isingesogea, maana ingekuwa imefungwa na magurudumu ya nyuma yaliyo chini. Kisha nikaligeuza gurudumu la kushoto polepole huku mpwa wangu akilitazama la kulia.

"Mjomba, la huku linarudi kinyume," alisema.

Hilo ndilo nililohitaji. Ekseli iliyoachia haipelekei gurudumu la pili kitu chochote, ilhali iliyoshikana hupitisha mzunguko ndani ya difu na kuugeuza. Mwenye habu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga kwa mkono, kama zilivyo Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, ataona vivyo hivyo akisahau kuzifungua, kwa hiyo aanze na habu kabla ya kushika spana.

Swali lililobaki ni kama kiungo kimeganda au hakijapata amri. Kwenye ekseli kuna kopo lenye utando wa mpira na mipira miwili ya kupitisha hewa inayoingia humo: mmoja huvuta uma, kipande kinachosogeza kiungo, ili kukiingiza, mwingine ili kukitoa. Pedali ya breki ilikuwa nyepesi kukanyaga, kwa hiyo pampu ya vakyumu, yaani ya kuvuta hewa, inayohudumia pia buster ya kusaidia breki, ilikuwa hai. Niliwasha injini gia ikiwa huru, nikauchomoa mpira wa kutoa na kuuziba kwa kidole. Mvuto ulikuwapo, lakini dhaifu mno, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Nikabadilishana mipira, wa kuingiza nikauweka mahali pa wa kutoa, nikausukuma mkono kwenye 4H (magurudumu manne), na mara nikasikia mlio mmoja mkavu kutoka upande wa kulia wa difu. Uma haukuganda, wala utando haukupasuka. Lau kungekuwa kimya, ningeanza kuchunguza kutu kwenye fimbo ya uma, na hapo kufungua kungekuwa na haki yake.

Niliufuata ule mpira dhaifu kwa vidole kutoka kwenye ekseli hadi kwenye vali za solenoidi, zinazofungua na kufunga mvuto kwa umeme, karibu na madigadi. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoupinda kwa dole gumba pale unapozunguka bomba la joto, ulifunguka ufa mwembamba wa urefu wa ukucha, ambao ulijifunga tena mara nilipouachia. Mpira ulikuwa mgumu kama plastiki kutokana na miaka ya moto wa injini.

Nilikata mpira mpya na, kwa kuwa mingine ilikuwa ya umri uleule, niliibadilisha yote. Nikairudisha mipira mahali pake, nikaingiza 4H na kutoa mara tatu, taa ikitii kila mara. Halafu nikazima injini na kuligeuza tena gurudumu la kushoto, mpwa wangu akiwa amechuchumaa upande wa pili na kiganja chake juu ya tairi.

"Huku limetulia, Mjomba."

Fundi yule nilimpigia simu jioni hiyo kumweleza jinsi nilivyopima, naye akaniomba nimrudie hatua ya kubadilishana mipira, polepole, ili aiandike.