Boti ya alumini: nilivyoipaka rangi upya ikashika

Kila niliyemuuliza hapa Minnesota alinijibu vilevile: piga msasa kidogo, nunua rangi ya mafuta, paka. Ushauri huo ndio ulioiharibu boti kuukuu ya Alumacraft, ya futi 14, niliyoinunua. Mwenyewe wa kwanza aliipaka hivyo hivyo juu ya alumini tupu, na ukucha tu ulitosha kuibandua rangi kwa vipande vya upana wa kiganja.

Alumini ikikwanguliwa, hewa huifunika mara moja kwa utando mwembamba wa oksidi. Utando huo huikinga, lakini rangi ya kawaida haishiki juu yake. Inatakiwa praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, yenye asidi inayoing'ata alumini yenyewe. Bila hiyo unatupa pesa.

Kabla ya rangi kulikuwa na kuvuja. Watu huitia boti ziwani wakaangalia maji yanaingilia wapi. Humo ndani yakishatapakaa, utaijuaje ribiti mbovu, yaani pini ya kuunganisha mabati ya boti? Mimi niliiacha kwenye trela, nikaitegemeza vizuri, nikaikausha chini kwa kitambaa, kisha nikayamwaga maji ndani kwa mpira wa bomba hadi yakazifunika ribiti za chini tu. Usizidishe: lita moja ni kilo moja, na trela huishikilia boti sehemu chache. Nikamulika tochi kwa chini. Ribiti iliyolegea ilijitaja yenyewe, tone likining'inia kwenye kichwa chake! Kila moja niliizungushia duara kwa maka peni. Penseli hapana, kiini chake cheusi ni grafiti, na grafiti ikikutana na unyevu huila alumini.

Maji yakatoka, boti ikakauka, nikamwita shemeji. Yeye alikandamiza nyundo nzito kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mimi nikagonga mkia wake kwa ndani kwa nyundo ndogo. "Kaza hapo hapo, shemeji!" Tulipojaza maji tena, karibu zote zilikuwa kavu. Zile sugu nilizipaka epoxi, gundi inayoganda ngumu.

Rangi ya zamani niliilainisha kwa dawa, nikamalizia na msasa. Waya wa chuma wa kusugulia sufuria usiuguse: chembe zake hubaki kwenye alumini na kutu hutokeza chini ya rangi mpya. Nikaosha, nikapangusa kwa asetoni, nikapaka praima siku hiyo hiyo. Nilingoja joto la Mei, maana rangi nyingi hazikauki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi.

Muuzaji mmoja alinisukumia rangi yenye shaba, ya kuzuia viumbe wa majini wasijishikize kwenye boti. Nilikataa. Shaba na alumini zikikutana majini, alumini ndiyo inayoliwa. Hata mbao za viti, epuka zilizotiwa dawa ya shaba.

Gharama ilifika dola mia mbili na kitu, praima ikimeza sehemu kubwa. Rangi ni kijani kilichokolea, kwa hiyo namba za usajili zinazoanza na MN nimeweka nyeupe. Sheria inataka ziwe na kimo cha inchi 3 au zaidi, na rangi tofauti na ya boti. Zibandike rangi ikishakomaa kabisa, la sivyo zitafanya malengelenge.