Miguu Minane ya Kulia

Mwaka 2000 nilimaliza darasa la saba Kilosa, na jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Jirani mmoja alimfariji mama kwa maneno ambayo nadhani aliyaona mazuri: "Kichwa kikigoma, mkono huenda ukakubali." Basi nikapelekwa Morogoro mjini kwa mama mdogo, na mama mdogo akanikabidhi kwa fundi cherehani aliyekuwa na baraza yake karibu na soko.

Mwezi wa kwanza sikushona nguo, nilishona karatasi. Fundi alichomoa uzi kwenye sindano, akanipa karatasi ya kaki iliyopigwa mistari, nami nikawa naifuata ile mistari kwa matundu. Cherehani ya miguu ina ujeuri wake. Ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, na siku utakayotia uzi unakatika papo hapo. Wangu ulikatika kutwa nzima. Fundi wa pili, aliyekuwa akishona pembeni, akasema bila hata kuinua macho, "Huyu ana mkono mzito."

Nililipokea neno hilo kama mtu anayepewa cheti. Kichwa sina, na sasa mkono nao hivyo hivyo. Kuna raha fulani, nakiri, katika kujua kwamba huna: hakuna anayekudai. Mwaka mzima nikawa mtu wa kuweka vifungo, kupinda na kufumua. Kufumua nilikuwa hodari kweli, wembe unapita kwenye mshono na kitambaa hakijui. Lakini mkasi mkubwa sikuugusa. Fundi akininyooshea nasema, "Fundi, mkono wangu mzito, nitaharibu nguo ya mtu." Anaguna, anakata mwenyewe.

Ikaja Januari 2002. Serikali ilikuwa imefuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia, na watoto waliokuwa wamekaa tu nyumbani walitoka kwa mpigo mmoja. Pale barazani walikuja kupimwa wa darasa la kwanza wenye miaka 7, na wengine wenye 10 au 11, warefu, wamejikunyata huku mama zao wamewashika mkono. Wote wanataka sare, na wote wanaitaka kesho: shati jeupe na kaptula ya kaki, au sketi ya bluu. Majora ya kaki yaliegemea ukuta mpaka hatukuwa na pa kupita.

Katikati ya vurugu hiyo Fundi akaitwa msibani. Akaniwekea mkasi mezani. "Kata miguu ya mbele ya kaptula nne za darasa la kwanza. Karatasi ya kipimo hii hapa. Nikirudi saa kumi nizikute." Akaondoka kabla sijapata nafasi ya kumkumbusha uzito wa mkono.

Kwa kawaida kitambaa hukunjwa uso kwa uso. Unakata mara moja, unapata vipande viwili vinavyotazamana, mguu wa kulia na wa kushoto. Mimi niliogopa mkasi hautapita sawasawa kwenye tabaka mbili, kwa hiyo nikalaza kitambaa tabaka moja. Nikaweka karatasi, nikachora kwa chaki, nikakata. Nikaisogeza, nikachora, nikakata. Mara nane, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Nilipovichukua viwili nivilinganishe, vikakataa kutazamana. Nikajaribu vingine. Vyote vinane vilikuwa vya mguu wa kulia. Kukigeuza kimoja kisingesaidia, maana kaki ina uso na mgongo, na mama yeyote angeona mguu mmoja umevaliwa ndani nje.

Nilivifunga kwenye kanga nikavikalia.

Fundi aliporudi nikaanza hotuba yangu. Kwamba nilimwambia tangu mwanzo, kwamba mimi si wa kazi hii, kwamba nitarudi Kilosa. Akanikatiza, akavitandaza vipande mezani. Alikasirika, sitaki kumsingizia upole ambao hakuwa nao. "Kitambaa hiki ni hela," alisema. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa kipande kimoja, kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo.

"Mkono mzito ndio huu? Hebu tazama."

Nikatazama. Ukingo ulikuwa umenyooka.

"Hapa mkono haukukosea. Nini kimekosea?"

Nikanyamaza.

"Nimekuuliza, binti."

"Sikuigeuza karatasi."

"Basi sema hivyo. Karatasi inageuzwa. Mkono mzito nitaugeuzaje mimi?" Akanisukumia vipande vyote. "Haya, tunavifanyaje?"

Fundi wa pili akapendekeza tuvikate mifuko. Mimi nikawa naviangalia tu. Miguu minane ya kulia, na kila kaptula inataka mmoja.

"Fundi, za darasa la kwanza zimebaki ngapi?"

"Kumi na kitu."

"Basi nikikata minane ya kushoto, tuna kaptula nane."

Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili, najua. Fundi hakunisifu. Alinitupia chaki.

Ili nisirudie kosa, tukaona tuweke alama pande zote mbili za karatasi. Nikaandika K ya kulia, nikaigeuza, nikaandika K ya kushoto. Fundi wa pili alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Ikabidi tuchore nyota upande mmoja na mwezi upande mwingine.

Nilikata mpaka taa zikawashwa. Mguu wa tano ulitoka na meno meno ukingoni, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mkasi haufumbwi mpaka ncha. Unaufumba karibu kufika, unausukuma mbele, unaendelea. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa mtu aliyelijua hilo, na sikuwahi kumuuliza. Sikugeuka fundi siku ile, bado. Kola ya shati ilinitesa miaka miwili zaidi. Na Fundi mwenyewe, nisisahau, alikuwa na baiskeli aliyoikokota tu kwenda na kurudi kwa sababu hakujua kuipanda. "Miguu yangu si ya baiskeli," alikuwa akisema, na umri wake hamsini na ushei, na sisi sote tulikubaliana naye.

Usiku mama mdogo akanipakulia ugali na dagaa, akauliza kazi imekwendaje.

"Nimekosea miguu minane ya kaptula," nikamwambia.

Akashusha mwiko, akanitazama. "Na mbona unacheka?"